Dakika Moja Uwanjani

Jumapili, 4 Agosti

Kioo cha simu yangu kimepasuka na gemu hazichezeki tena, basi nitakuwa naandika. Shule niliishia darasa la sita. Anayetaka kuucheka mwandiko wangu aucheke, mimi mwenyewe nimeshaanza.

Leo nimeuzwa. Bosi ametangaza mbele ya watu wote, tukiwa tumesimama kwenye uwanja wa kuanikia vigae. Timu ya mji wa kwetu inanitaka. Bei wameshakubaliana na wameandikishana. Wakimaliza kulipa kabla dirisha la usajili halijafungwa, tarehe thelathini mwezi ujao, mimi narudi nyumbani. "Sina kinyongo," Bosi alisema. "Babu ametumika vizuri, hajavunjika popote." Alisema hivyo kama mtu anayeuza pikipiki. Watu wakapiga makofi.

Babu ni mimi. Nina miaka thelathini tu, lakini kwenye timu hii hakuna aliyenizidi umri, na mgongo wangu una umri wake peke yake.

Kiwanda chetu kinatengeneza vigae vya kuezekea. Bosi ana kiwanda, ana timu, ana vyumba tunavyolala. Asubuhi tunatoa vigae tanuruni, alasiri tunacheza mpira, mshahara ni mmoja. Wakala aliyenileta huku miaka mitatu iliyopita aliniambia nakuja kwenye klabu. Hakusema klabu ina tanuru. Kwenye mkataba palikuwa na maneno "haki zote za mchezaji". Nikafurahi, nikasaini, nikidhani ni zangu. Bado miaka miwili uishe.

Nimempigia mke wangu. Alipiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Binti yetu nikamsikia nyuma akiuliza kama baba anakuja kukaa au anapita tu.

"Anakaa!" mama yake akamwambia. "Safari hii tunafunga mlango kwa nje."

Jumapili, 11 Agosti

Mechi ya kwanza ya msimu. Nimekaa benchi mwanzo mpaka mwisho. Sare.

Nilidhani nitaanza. Mimi ndiye kiungo wa timu hii, bila mimi mpira unapita katikati kama gari la mkaa, kelele nyingi na mwendo hakuna. Lakini Kocha hakunitazama hata mara moja.

Kocha huyu ndiye pia msimamizi wetu wa zamu. Wiki nzima ananiamrisha tanuruni, Jumapili ananiamrisha uwanjani. Ana njiti ya kiberiti mdomoni saa zote, na ukimwamkia anaitikia kwa kuihamisha njiti kutoka upande huu kwenda upande ule.

Jumapili, 18 Agosti

Benchi. Tumefungwa mbili.

Jumanne, 20 Agosti

Tumetoa vigae vikiwa bado vya moto kwa sababu lori la mteja lilikuwa linasubiri. Tanuru likifunguliwa mapema hewa inakukamata kooni kama mtu mwenye ugomvi na wewe. Unaingia, unabeba vigae kifuani, unatoka, unamwaga maji kichwani, unarudi. Glavu zangu zimetoboka vidoleni.

Chumbani nalala na kipa wetu. Tunamwita Pazia, kwa sababu mpira ukija anapepea kisha unapita. Jina hilo alijipa mwenyewe kabla hatujampa baya zaidi. Leo amenipaka mafuta mgongoni huku ananisema.

"Babu, wewe umeshaaga. Mwili uko hapa, roho iko kwenu. Mimi naokota mipira wavuni peke yangu."

"Mwambie Kocha anichezeshe."

"Mwambie wewe. Mimi nikimwambia ataniuliza kwa nini sidaki."

Jumapili, 25 Agosti

Benchi tena. Wiki ya tatu. Tumefungwa moja.

Baada ya mechi nilimfuata Kocha nyuma ya chumba cha jezi. Nikamwambia, "Kocha, shikamoo. Kama nimekukosea, nieleze. Watu wa nyumbani wamenilipia, wakisikia sichezi watasema wameuziwa mgonjwa."

Akahamisha njiti. "Umechoka kukaa?"

"Nimechoka, ndiyo."

"Mtu anachoka kukaa?" Akaondoka.

Huyu mzee ana roho mbaya. Anaona wivu kwamba natoka. Yeye amekaa kiwandani hapa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakuna aliyewahi kumnunua.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimekwenda ofisini kwa Bosi. Nilioga kwanza.

Ofisi ina zulia, nikavua viatu mlangoni. Bosi akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za familia. Nikamweleza kwamba Kocha ananionea, wiki tatu hajanichezesha.

Bosi alikuwa anasoma simu yake. Akaiweka chini.

"Hata dakika moja?"

"Hata moja, Bosi."

"Kwenye mechi zote tatu?"

"Zote."

Akatabasamu, akazunguka meza, akanipiga begani. "Umefanya vizuri kuja, kijana wangu. Hilo niachie mimi."

Nikatoka nimefurahi mpaka nikasahau viatu. Nikarudi kuvichukua, nikamkuta tayari yuko kwenye simu.

Jumatano, 28 Agosti

Leo ndiyo nimejua mimi ni mjinga kiasi gani.

Wakala amepiga simu mchana nikiwa kwenye mapumziko. Akauliza, kama mzaha tu, "Hujacheza mechi yoyote, sivyo?" Nikaanza kulalamika, Kocha hivi, Kocha vile. Akanikatiza.

"Mshukuru Mungu! Wewe kweli hujui?"

Akanieleza polepole. Sheria ya ligi yetu, iliyopitishwa mwaka huu: mchezaji akishaingia uwanjani kwenye mechi ya ligi, hata kwa dakika moja, msimu huo wote ni wa timu hiyo. Hasajiliwi kwingine mpaka msimu uishe. Na timu ya kwetu hainisubiri, inataka kiungo sasa hivi. Bosi ameshasaini kuniuza, akivunja mwenyewe anatozwa faini kubwa. Lakini nikicheza tu, mauzo yanakufa yenyewe na yeye halipi kitu. Nani atamlaumu mtu kwa kumchezesha mchezaji wake?

"Kwani Bosi hataki kuniuza?"

"Alitaka mwezi uliopita. Sasa timu yake inafungwa kila wiki, na nasikia kuna klabu nyingine itamlipa zaidi mwakani. Wewe kaa kimya. Usimkumbushe."

Sikumwambia kwamba nimeshamkumbusha. Nilikaa kwenye rundo la vigae vilivyovunjika mpaka king'ora kikalia, na Kocha akapita akaniambia, "Babu, tanuru haliji lenyewe hapo."

Nikamtazama. Wiki tatu ananiweka benchi. Nikamtazama mpaka akakohoa akaenda zake.

Jumapili, 1 Septemba

Sasa naandika nacheka.

Bosi alikuja uwanjani mwenyewe na mwavuli. Kabla ya mechi nilimwona anaongea na Kocha, anamwonyesha mimi kwa kidole. Kocha akatikisa kichwa kukubali, ndiyo Bosi, ndiyo Bosi.

Mpira ukaanza. Kipindi cha kwanza hakijaisha, Kocha akatoa mchezaji akaingiza mwingine. Kidogo tu, akatoa wa pili. Mapumziko yalipoisha, akatoa wa tatu. Badiliko la mwisho. Watu jukwaani wakazomea, maana aliyemtoa ndiye aliyefunga goli. Basi tena, mimi hata ningetaka kuingia ingekuwaje?

Bosi alishuka baada ya kipenga. "Na Babu je?"

Kocha akajipiga paji la uso. "Lo! Bosi, uzee huu."

Hatukusemeshana, mimi na yeye. Ataniambia nini msimamizi wa zamu, mwenye watoto wanaosomeshwa na kiwanda? Na mimi nitamuuliza nini? Humu hata ndoo zina masikio. Nikimshukuru, mtu akasikia, kesho Kocha yuko barabarani. Basi nimempita tu. Nimemwamkia, akahamisha njiti.

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua imeanza. Vigae havikauki.

Jumapili, 8 Septemba

Niliamka nachechemea. Nikachechemea mpaka zahanati ya kiwanda. Nesi akanibonyeza goti, akanizungusha mguu, akanitazama usoni.

"Mguu huu unaweza kubeba tanuru. Nani amekutuma?"

"Unauma, dada."

"Juzi ulikuwa unaruka madimbwi pale nje kama mbuzi. Nenda kacheze."

Nikaenda. Kocha hakunichezesha. Safari hii alisema nilichelewa kufika, na kweli nilichelewa, kwa hiyo kaniadhibu. Tumefungwa tatu. Pazia hajaongea na mimi tangu turudi. Amejifunika shuka mpaka kichwani akiwa na viatu.

Jumatano, 11 Septemba

Pazia ameongea, na afadhali angenyamaza.

"Nimejua kuhusu hiyo sheria," akasema. "Kila mtu anajua sasa. Hongera. Lakini nikuulize, sisi ni watu au ni ngazi? Tukishuka daraja Bosi anaivunja timu. Tutabaki na vigae tu, asubuhi na jioni. Wewe utakuwa kwenu unakula na mkeo."

"Pazia, ungekuwa wewe?"

"Ningekuwa mimi ningekaa benchi nimejifunga kamba. Lakini si mimi. Ndiyo maana nina hasira."

Ana haki. Mtu akisema ukweli huna pa kumshika.

Jumapili, 15 Septemba

Mvua, mama yangu! Uwanja umekuwa bwawa. Refa alidondosha mpira katikati, ukakaa pale pale ukiogelea. Mechi imeahirishwa. Nilirudi chumbani na matope mpaka magotini nikiwa na furaha ambayo ilibidi niifiche.

Jumatano, 18 Septemba

Mke wangu ameanza kupaka rangi chumba. Nilimwambia asubiri. Akasema rangi ya kusubiri haikauki.

Jumapili, 22 Septemba

Kocha amesahau kuandika jina langu kwenye karatasi ya timu. Mchezaji asiyeandikwa haruhusiwi hata kukaa benchi. Nimetazama mechi nimesimama nje ya uzio na wauza maji. Sare.

Jumatatu, 23 Septemba

Bosi amemwita Kocha ofisini. Dirisha lilikuwa wazi, na sisi tulikuwa chini yake tunapanga vigae kwenye lori. Hatukusikia yote. Tulisikia Bosi anasema, "Nyumba unayolala ni ya nani?" Halafu, "Ada za wanao nani analipa?" Halafu mlango.

Kocha alishuka ngazi bila njiti mdomoni. Uso wake ulionekana mdogo. Akaja moja kwa moja mpaka pale tulipo, akaniambia mbele ya wenzangu, "Jumapili unacheza."

"Sawa, Kocha."

"Usinitazame hivyo. Nimesema sawa kwa mtu, na wewe sema sawa."

"Nimesema sawa."

Ijumaa, 27 Septemba

Wakala anasema watu wa nyumbani wanamaliza malipo Jumatatu asubuhi, wanasubiri hela ya mfadhili. Nikamwambia Jumapili nachezeshwa. Akasema kataa. Nikamwambia mkataba unasema mchezaji akikataa kuingia anafungiwa msimu mzima. Akasema, "Basi vunjika." Kwake ni rahisi, miguu siyo yake.

Lakini nimepata akili. Mchezaji wa akiba akipewa kadi nyekundu akiwa benchi, hawezi kuingizwa tena. Na atakuwa hajacheza hata sekunde. Adhabu yake ni mechi mbili, nitazikalia kule kule nyumbani. Nitamtukana refa.

Sijamwambia mtu. Pazia atafurahi au atakasirika, vyote ni kelele. Na Kocha ndiye hasa asijue. Akiulizwa na Bosi, aseme kweli kwamba hajui.

Jumapili, 29 Septemba

Nimerudi chumbani, sijavua hata jezi.

Mvua ya rasharasha tangu asubuhi. Bosi alikaa jukwaani safu ya mbele na wageni wake. Kocha alinipanga akiba. Nadhani alikuwa anajaribu kuivuta siku, maana Bosi alitaka nianze. Mpaka kipindi cha pili tulikuwa sare ya moja kwa moja, na Kocha alikuwa amebakiwa na badiliko moja.

Bosi akasimama jukwaani. Alinyoosha mkono tu kuelekea kwangu. Kocha akageuka, akaniambia, "Pasha." Nikaanza kukimbia pembeni ya mstari, na moyo unakimbia kuliko miguu. Refa akapita karibu yetu, akapiga kipenga dhidi yetu. Nikaona ndiyo nafasi. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote:

"Refa umehongwa! Mla rushwa mkubwa! Hiyo hela uliyopewa itakutokea puani!"

Uwanja mzima ukasikia. Refa huyu siku za kazi ni fundi baiskeli, mtu mzima na mpole, amewahi kuniwekea kiraka bure. Alikuwa amenipa mgongo. Akasimamisha mpira, akaja mbio mpaka kwenye benchi letu, mishipa imemsimama shingoni.

"Nani kasema hayo?"

Nikainua mkono. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Kocha alikuwa karibu naye zaidi yangu, na alikuwa ameshasimama katikati yetu.

"Mimi," Kocha akasema.

"Hapana!" nikasema. "Ni mimi, refa. Mimi ndiye niliyekuita mla rushwa."

Kocha akageuka na macho makali. "Babu, usijitie kimbelembele! Rudi ukapashe!"

"Refa, nakuapia ni mimi. Mla rushwa wewe! Sikia sauti, si ndiyo hiyo hiyo?"

Refa akanitazama, akamtazama Kocha. Uso wake ukalegea kidogo. "Wewe kijana unampenda kocha wako," akaniambia. "Ni vizuri. Lakini mkubwa ameshakiri." Akatoa kadi nyekundu, akamwonyesha Kocha.

Benchi zima lilikuwa linacheka. Mimi nilikuwa nimesimama kama kigingi. Kocha alichukua koti lake, akapita mbele yangu, akanong'ona, "Umetaka kujiua?" Akatembea kwenye mvua kuelekea geti.

Aliyebaki kusimamia timu ni Mzee wa Jezi, anayefua nguo zetu na kugawa maji. Simu yake ikaita. Akaisikiliza akiwa amesimama wima kama mwanajeshi. "Ndiyo Bosi." Akanigeukia, maskini, hata yeye hakupenda. "Vua, mwanangu. Unaingia."

Ningeweza kukataa. Refa yuko pale, ningefungiwa. Ningeweza kujiangusha, nesi yuko pale anakula karanga. Watu walikuwa wanaimba Babu, Babu. Nikavua traksuti. Yule tunayebadilishana naye akanigonga mkono, nikavuka mstari.

Nilikuwa nimejiambia nitatembea tu. Nitasimama katikati kama mti, mpira unipite. Mpira wa kwanza ukaja, ukatua wenyewe mguuni mwangu, laini, umelowa, na mguu ukajua la kufanya. Wiki zote hizi sijagusa mpira wa mechi. Nikamgeuza mmoja. Nikamgeuza wa pili. Nikaona njia upande wa kushoto ambayo hakuna mwingine aliyeiona, nikaupitisha pale, kijana wetu akafunga.

Nilifurahi. Lazima niandike hivyo. Kwa muda huo mfupi sikukumbuka nyumba wala mke wala rangi ya chumba. Nilikimbia na wenzangu hadi kwenye kibendera cha kona tukaangukiana kwenye matope, na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele kuliko wote.

Halafu nikainua kichwa nikamwona Bosi anampa mgeni wake mkono.

Pazia alinirukia mgongoni mpira ulipoisha. "Tumeshinda, Babu! Tumeshinda!" Akauona uso wangu. Akashuka taratibu, akanifuta matope shavuni kwa glavu yake. Njia nzima alinibebea viatu.

Jumatatu, 30 Septemba

Zamu ya asubuhi kama kawaida.

Wakala: "Umeua dili." Akakata simu.

Mke wangu nilimpigia jioni. Nilimweleza yote, refa, kadi, Kocha.

"Ulicheza vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana."

"Basi," akasema, na sauti ikamkatika. "Nilikuwa nataka kujua kama angalau ilikuwa vizuri."

Jumatano, 2 Oktoba

Timu ya kwetu imesajili kiungo mwingine. Wanasema ana miaka kumi na tisa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kocha amevuliwa usimamizi. Sasa anasukuma toroli tanuruni, na mwenzake wa toroli ni mimi. Ligi nayo imemfungia msimu mzima kwa lile neno.

Asubuhi yote tulisukuma. Toroli likazama kwenye tope, tukaliinua pamoja, tukasimama kuhema.

"Kocha, mimi nilikuwa naitaka ile kadi," nikamwambia.

"Unasema?"

"Nilimtukana makusudi. Nikipewa kadi siingii. Ungeniacha tu, leo ningekuwa kwenye basi."

Akanitazama kama mtu anayejaribu kusoma bila miwani. "Babu. Ulimwitaje yule refa?"

"Mla rushwa."

"Kumtukana refa ni mechi mbili. Kumwita mla rushwa ni msimu mzima, popote utakapokwenda. Ni kesi ile! Mimi nilisikia hilo neno nikasema kijana amepandwa na hasira, anajizika. Nikajitia mimi." Akashika kiuno. "Kwa nini hukumwita mbwa? Mbwa ingetosha!"

"Nilimwonea haya. Ni mtu mzima."

Kocha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa toroli, akanishika bega asianguke, na mimi nikacheka, na machozi yalikuwa yanatutoka wote wawili. Msimamizi mpya akapiga kelele tuendelee na kazi.

"Ungeniambia," Kocha akasema.

"Na wewe ungeniambia."

"Ningekuambia wapi?" Akaangalia huku na huku, vibanda, ukuta, dirisha la ofisi. Kweli, hapakuwa na mahali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bosi ameniita. Juu ya zulia tena. Anataka nisaini miaka mingine mitatu, niwe nahodha, na atanipa nyumba ya vyumba viwili nilete familia. Nyumba yenyewe naijua. Ni ya Kocha.

"Sina haraka," akaniambia. "Jibu Jumatatu."

Nikampigia mke wangu, nikamweleza kila kitu. Sikumficha kwamba nimeitamani ile nyumba. Nimechoka kulala peke yangu.

"Mimi nije huko?" akasema. "Halafu na mimi atanisajili?"

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemwambia hapana. Nilisema nikiwa nimesimama, nimevaa viatu.

Bosi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Ni haki yako," akasema. "Na haki ya kukuchezesha au kukuanika ni yangu. Mpaka mkataba uishe utakuwa na umri gani?"

Nikamtajia.

"Nani atamnunua kiungo wa umri huo ambaye hajagusa mpira?"

Jumapili, 20 Oktoba

Sikuandikwa kwenye karatasi ya timu. Nimekaa jukwaani na Kocha, safu ya juu kabisa ambako hakuna mtu. Amehamia chumba cha nyuma ya tanuru na watoto wake wote. Ameniletea muhogo wa kuchoma umefungwa kwenye gazeti, tukala.

Kule chini tulikuwa tunacheza vibaya. Mpira ulipotea katikati, ukaokotwa, ukapotea tena. Halafu kijana wetu wa kushoto akapata nafasi, akainua kichwa, akamtafuta mtu wa kumpa. Nikajikuta nimesimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshashuka ngazi.

Kocha akanishika shati kwa nyuma.

"Unakwenda wapi, Babu?"

Nilifikiri kweli, nimpe jibu. Chini yangu kulikuwa na ngazi, na uzio, na uwanja, na nyuma ya uwanja moshi wa tanuru la Bosi. Nikarudisha mguu. Kijana wetu hakumwona mtu, akapiga mpira nje.